Futiboli ya vyuo Marekani: siasa inayodandia na siasa isiyotoka uwanjani

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya mpira wa yai, si soka) ukianza, kauli moja huzunguka kwenye redio za michezo na podikasti: acheni siasa, tupeni mpira. Kauli hiyo ina haki yake. Tatizo ni kwamba inatupa kwenye kapu moja vitu viwili visivyofanana. Ipo siasa inayodandia umati kwa sababu umati upo, na ipo siasa ambayo ndiyo inayoamua nani acheze, nani alipwe na mechi ionekane kwenye kituo gani. Ya kwanza inaweza kuachwa nje ya geti. Ya pili haina pa kwenda.

Kisa cha chuo kikuu cha Florida State kinaonyesha zote mbili kwa pamoja. Tarehe 3 Desemba 2023 kamati ya watu 13 inayochagua timu za mchujo wa ubingwa iliiacha nje Florida State, iliyokuwa imeshinda mechi zote 13, ikaichukua Alabama iliyokuwa imepoteza moja, dhidi ya Texas. Siku mbili baadaye gavana wa Florida, Ron DeSantis, aliyekuwa akisaka tiketi ya urais ya chama cha Republican, alipendekeza dola milioni 1 za bajeti ya jimbo kwa ajili ya mashtaka. Seneta Rick Scott aliandikia kamati akitaka maelezo. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye akafungua uchunguzi. Sidhani kama kuna shabiki wa Tallahassee, mji wa chuo hicho, aliyewaambia siku ile waache mpira.

Huku nyuma nadharia ilikuwa imeshaenea: kampuni ya televisheni ya michezo, ESPN, imeibeba Alabama. Tuipime. ESPN ndiyo iliyokuwa na haki za kutangaza mchujo, na kuanzia msimu wa 2024 ilikuwa inachukua pia mechi za SEC, konferensi ya Alabama (yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja), zilizokuwa mikononi mwa kituo cha CBS. Hadi hapo shaka ina miguu. Lakini ESPN hiyohiyo ndiyo mshirika wa ACC, konferensi ya Florida State, kwa mkataba unaofika 2036, na inamiliki kituo cha ACC Network kilichoanza 2019. Anayedai upendeleo anapaswa kueleza kampuni inanufaika vipi ikimwangusha mshirika wake. Jibu linaweza kupatikana, kwamba Alabama huvuta watazamaji wengi zaidi. Hiyo ni sababu ya kutamani, na haithibitishi kwamba kuna mtu wa ESPN aliyemwelekeza mwanakamati yeyote. Mabishano mengi kuhusu vyombo vya habari huishia katikati ya mambo hayo mawili, na wengi hawaoni kwamba wamesimama nusu ya njia.

Kamati yenyewe ilieleza kwamba kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa Florida State, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu Novemba na timu haikuwa ileile bila yeye. Kanuni zake zinaruhusu kuzingatia mchezaji asiyepatikana. Mtu anaweza kuichukia kanuni hiyo, nami naona inaadhibu timu kwa jambo ambalo bado halijatokea, lakini ilikuwapo kabla ya Desemba. Kisha Georgia ikaifunga Florida State 63 kwa 3 katika Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu nje ya mchujo, na matokeo hayo yakachukuliwa kama hukumu ya mwisho, ingawa wachezaji wengi wa kutegemewa hawakucheza siku hiyo.

Kilichobadilisha hali ya chuo hakikuwa milioni ya gavana. Tarehe 22 Desemba bodi ya chuo iliishtaki ACC kuhusu mkataba wa haki za matangazo na gharama ya kujitoa. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano Machi 2025: sehemu ya mapato sasa inagawanywa kwa kuangalia idadi ya watazamaji, na gharama ya kujitoa inapungua kadiri miaka inavyosonga. Mchambuzi aliyetumia Desemba nzima kumjadili DeSantis aliikosa habari yenyewe.

Sasa upande wa siasa isiyotoka. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliivunja mamlaka ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ya kuamua mechi zipi zioneshwe kwenye televisheni. Walioshtaki walikuwa vyuo vya Oklahoma na Georgia, na mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, nyota wa zamani wa timu ya Colorado. Mikataba ya mabilioni ya leo imetokana na hukumu hiyo, ukiwamo ule wa konferensi ya Big Ten na vituo vya Fox, CBS na NBC, unaozidi dola bilioni 7 kwa miaka saba kuanzia 2023. Fedha hizo ndizo zilizoving'oa vyuo vya USC na UCLA kutoka konferensi ya Pac-12 kwenda Big Ten, na Pac-12 ikasambaratika. Wadhamini wa Chuo Kikuu cha California nao waliiamuru UCLA iwe inawalipa wenzao wa Berkeley, tawi jingine la chuo hichohicho, waliobaki nyuma.

Malipo ya wachezaji yana mlolongo huohuo. California ilipitisha sheria Septemba 2019 kuwaruhusu wanamichezo wa vyuo kulipwa kwa majina na sura zao, na majimbo mengine yakafuata. Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya NCAA kwa kura 9 kwa 0, na tarehe 1 Julai mlango wa malipo ya majina na sura ukafunguliwa. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, ya takriban dola bilioni 2.8 za malipo ya nyuma, na kila chuo kilichojiunga kikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mwezi uliofuata Rais Trump alitia saini amri yake kuhusu michezo ya vyuo. Haiwezekani kueleza kwa nini mchezaji fulani amehama chuo mwaka huu bila kugusa bunge au mahakama.

Ongeza kwamba vyuo vingi vyenye timu kubwa ni vya umma, na mara nyingi wanaokaa kwenye bodi zao wameteuliwa na gavana. Oktoba 2025 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ilipomtimua kocha Brian Kelly, ikibaki na deni la zaidi ya dola milioni 50 za mkataba, gavana Jeff Landry alitangaza hadharani kwamba mkurugenzi wa michezo Scott Woodward hatamchagua kocha ajaye. Siku chache baadaye Woodward aliondoka. Idara za michezo kwa kawaida husema fidia za namna hii hutoka kwa wafadhili na mapato ya mechi, wakati hoja ya gavana ilikuwa kwamba mzigo unaweza kumwangukia mlipakodi. Hoja hiyo inajadilika kwa karatasi: nani ametia saini mkataba, nani ni mdhamini wa deni, na kiasi gani kinapungua kocha akipata kazi kwingine. Kumpima gavana kwa chama chake hakujibu hata swali moja kati ya hayo.

Wachezaji nao wamewahi kuigeuza mechi kuwa silaha. Novemba 2015 wachezaji weusi wa Missouri walitangaza hawatacheza hadi rais wa mfumo wa chuo, Tim Wolfe, aondoke, kwa sababu ya malalamiko ya ubaguzi. Aliondoka ndani ya siku mbili. Kutofika kwenye mechi iliyofuata, dhidi ya chuo cha BYU, kungekigharimu chuo dola milioni 1. Juni 2020 mchezaji Kylin Hill wa Mississippi State alisema hatawakilisha tena jimbo hadi bendera yake, yenye nembo ya waasi wa Kusini wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ibadilishwe, siku chache baada ya SEC kutishia kutopeleka mashindano yake huko, na kabla mwezi haujaisha gavana alikuwa ametia saini ya kuishusha. Gharama nayo ilikuwapo: Missouri, mbunge wa jimbo alileta muswada wa kuwanyang'anya ufadhili wachezaji watakaogoma. Aliuondoa, lakini ujumbe ulifika.

Kwa siasa ya kudandia sina maneno mengi. Kelele za kumtukana Rais Biden zilizotanda kwenye majukwaa ya viwanja vya vyuo Septemba 2021, au wagombea wanaokuja kupungia mkono kabla ya uchaguzi, hazimfundishi mtu lolote kuhusu mchezo wala sera. Hatari yake ni mkopo wa imani: sifa ya uwanjani inamfanya mtu aaminiwe kwenye siasa. Tommy Tuberville aliifunga Alabama mara sita mfululizo akiifundisha Auburn, na mwaka 2020 akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo hilohilo la Alabama. Rekodi ile haikumwambia mpiga kura chochote kuhusu uamuzi wake wa mwaka 2023 wa kuzuia kwa miezi kadhaa upandishwaji vyeo wa maofisa wa jeshi.

Hata hivyo, wanaosema mpira unawapumbaza wapiga kura nao wapunguze mwendo. Mwaka 2010 Andrew Healy, Neil Malhotra na Cecilia Mo walichapisha utafiti uliosema ushindi wa timu ya chuo ndani ya siku kumi kabla ya uchaguzi humwongezea aliye madarakani takriban asilimia 1.6 ya kura kwenye kaunti ya timu hiyo. Ulinukuliwa kila mahali. Mwaka 2015 Anthony Fowler na Pablo Montagnes waliurudia, wakaona athari haikui mahali ambapo watu wanapenda zaidi mchezo huo, na haionekani kwa timu za NFL, ligi ya kulipwa, mambo yanayoelekea kwamba matokeo ya kwanza yalikuwa ya bahati nasibu. Utafiti wa pili hautajwi sana kama wa kwanza.

Ndiyo maana kanuni ya kituo cha matangazo inayozuia siasa zote kwa jumla inakata mahali pasipostahili. Msimu wa 2025 Cody Campbell, mwenyekiti wa bodi ya Texas Tech, alirusha matangazo ya kulipia katikati ya mechi akitaka Bunge la Marekani lirekebishe sheria ya 1961, inayoziruhusu ligi za kulipwa kama NFL kuuza haki za televisheni kwa pamoja, ili konferensi za vyuo nazo ziweze. SEC na Big Ten, zinazochukua fungu kubwa zaidi zikiuza kila moja kivyake, zinapinga. Kuna hesabu halali pande zote mbili: fungu la pamoja linaweza kuwa kubwa zaidi, na linaweza pia kumpunguzia mwenye watazamaji wengi. Watangazaji wakikaa kimya hapo ili wasiitwe wanasiasa, shabiki atabaki na maelezo ya Campbell peke yake, sekunde thelathini kabla mpira haujarudi.