Shela Halikupatikana, Kuku Akapatikana

Picha za harusi ya binamu yangu, iliyofanyika Tanga saa saba mchana kwenye jua lisilo na adabu, nililetewa mimi kwa sababu ndiye ninayehesabiwa kuwa fundi wa kompyuta katika ukoo. Mpwa wangu alikuwa ameiweka kamera kwenye jumlisha mbili, yaani izidishe mwanga, usiku wa sendofu na hakuirudisha kwenye sifuri. Kwa hiyo bibi harusi alionekana kichwa chenye tabasamu, na chini yake weupe mtupu.

“Mjomba, si unapunguza mwanga tu?”

Nilimweleza kwamba katika JPEG, aina ya faili iliyotumiwa na kamera ile, kila rangi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255, na pikseli, yaani nukta moja ya picha, ikishagota 255 katika nyekundu, kijani na buluu, hakuna kilichofichwa nyuma yake. Laiti angehifadhi faili ghafi ya biti 14, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, yenye ngazi 16,384, pengine rangi mojawapo ingekuwa imesalimika, nasi tungeokota chochote. Shangazi, mama wa bibi harusi, alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza lesi ya binti yake imekwenda wapi.

Nikapunguza mwanga. Shela likageuka kijivu cha saruji mbichi, na lesi haikurudi.

Ili nisionekane nimekaa bure, nikahamia kwenye kivuli kizito cha turubai nyuma ya maharusi. Huko mambo yalikuwa tofauti, kwani ule mwanga uliozidi, ambao uliunguza shela, ndio uliokilisha kivuli taarifa za kutosha. Nilipokiongezea mwanga hakikuwa na chenga hata kidogo. Zikatokea sufuria, kisha meza, kisha Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya chakula, akimwingiza kuku mzima ndani ya koti. Hata paja lililogoma kuingia lilionekana.

Ikumbukwe kwamba mpishi alikatwa malipo kwa upungufu wa kuku, na hoja hiyo aliileta Baba Mkubwa mwenyewe.

“Ongeza hapo,” alisema Shangazi, akivaa miwani. Habari za lesi hakuzitaja tena.

Jioni Baba Mkubwa alinipigia simu. “Mwanangu, hicho kivuli hakiwezi kurudishwa kilivyokuwa?”

Nilimjibu kwamba kutia giza ni kazi ya dakika moja, ila Shangazi alikwishaondoka na nakala kwenye flashi, na alipitia kwa mpishi.