Picha za Dar ya Zamani Zimenipa Kesi

Jamani, kama kuna anayemjua huyo mtu anayefukua picha za Dar ya zamani na kuzirusha kwenye simu za watu, amwambie apumzike. Mwenzenu nyumba yangu haikaliki. Jumapili nilikuwa nakula wali wangu, najilaza kidogo, saa kumi niko barazani nacheza bao. Siku hizi sijamaliza hata kunawa, binti yangu wa pili ameshaninyooshea simu: "Baba, hebu ona hii. Hapa ni wapi?" Nami mtoto wa mjini, mzaliwa wa Ilala, siwezi kusema sijui. Navaa miwani, nasafisha koo, naanza kueleza. Kumbe natoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Picha ya kwanza huwa ni ile ile. Sanamu ya Askari, singe imeelekea bandarini, barabara nyeupee. Peugeot moja, baiskeli moja, na mama mmoja wa kanga anavuka bila kutazama kulia wala kushoto. Sanamu yenyewe iko pale tangu 1927, ndiyo mkazi pekee wa katikati ya mji ambaye hajawahi kupandishiwa kodi. Basi, hapo vilio vinaanza. Mpwa wangu kazaliwa Ifakara, kaja mjini na begi la shangazi yake, keshaandika: "Nimeikumbuka sana Dar yangu." Dar yako ipi wewe? Picha hiyo inapigwa, mama yako alikuwa bado hajaota meno!

Eti ilikuwa tulivu. Sasa nani angepiga kelele? Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 jiji zima. Ya 2022 imehesabu 5,383,728. Hao laki mbili na ushee wa zamani nina hakika ndio ninaogombea nao mlango wa basi la Mbagala kila saa kumi na mbili jioni, na nusu yao wamebeba ndoo.

Halafu kuna ile ya mtaa mtupu kabisa, hakuna gari wala pikipiki, jua limelala kwenye lami. Mama watoto akaguna: "Angalia watu walivyokuwa wastaarabu." Nikamwambia mama, huo si ustaarabu, hiyo ni Jumapili alasiri. Enzi za shida ya mafuta gari binafsi lilikuwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mtu akienda kumsalimia mkwewe Kisarawe anakula jicho liko kwenye saa. Ikimpita nane, ajue kalala ukweni, na mke hajabeba hata kanga ya kubadili. Watu wamejifungia ndani na hasira zao, mpiga picha katoka, kakuta barabara tupu, kapiga. Leo mnailia machozi. Sikumaliza maneno yangu, nikaambiwa mzee huwa huna jema.

Tatizo jingine, mimi ni fundi cherehani. Wenzangu wanatazama majengo, mimi natazama suruali. Akina dada wamesimama mbele ya Mnara wa Saa wanacheka, akina kaka pembeni na bugaluu, watu wanasifia: "Mitindo ilikuwa enzi hizo!" Bugaluu hizo nimezitia pindo nikiwa shule ya msingi, kwenye cherehani ya marehemu baba. Mguu mmoja ulikula kitambaa cha kutosha gauni la mtoto wa chekechea. Mvua ikinyesha inafyonza matope ya Msimbazi mpaka magotini, na mwenyewe akirudi nyumbani ananyanyua miguu utadhani amefungwa minyororo. Kisha anakuja kumlaumu fundi.

Na kabla ya hizo pana zilikuwapo za kubana. Nani anarusha picha za kisa hicho? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, na ilipofika Januari 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana vikawa marufuku. Vijana wa chama wakawa wanazunguka mitaani kukagua mapaja ya watu. Baba alikuwa akisimulia kwamba hajawahi kupata kazi nyingi kama miezi ile. Wanaume wazima walikuja usiku, wamevaa shuka, suruali kwapani, wananong'ona: "Fundi, niongezee nafasi hapa, kesho napita Kariakoo." Mzee alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa. Serikali ikatoa amri, yeye akanunua baiskeli.

Basi ikarushwa hiyo picha ya marehemu mwenyewe. Shemeji yangu aliifukua kwenye sanduku, Mungu amsamehe, akaipiga kwa simu akaituma kwa ukoo mzima. Baba kasimama studio, mkono mmoja kiunoni, suti nyeusi, tai, saa ya mkononi. Mkono wa kushoto kaukunja makusudi ili saa ionekane. Pembeni redio kubwa juu ya stuli yenye kitambaa cha kufuma, nyuma pazia lililochorwa ndege inapaa juu ya minazi. Watoto wangu wakaruka: "Kumbe babu alikuwa na hela!"

Hela gani? Suti ile ilikuwa ya studio. Ilikuwa moja, imevaliwa na Ilala nzima, mgongoni imepasuliwa na kubanwa kwa pini ili imwenee mnene na mwembamba. Ukiikuza picha utaona bega la kulia limekaa chini kuliko la kushoto, pini imeteleza. Msiniulize kwa nini fundi avae suti ya studio, mmeshaona wapi fundi akajishonea? Tai ya studio. Redio ya studio, ndani haina hata matumbo. Saa ni ya jirani, alisimama mlangoni anaingoja. Vya baba mle ndani vilikuwa viatu na mimi. Nami nimekatwa. Tazama chini kabisa pembeni, kuna vidole vinne vimeng'ang'ania suruali. Ndiye mimi huyo, nilikuwa sijaanza shule.

Nikadhani nimejieleza. Binti akaitazama tena picha, akaninyanyulia macho: "Sasa baba, kama babu alikuwa mjini tangu enzi hizo, sisi tumefikaje Mbagala?"

Hapo ndipo kesi yenyewe ilipo. Maana hawaishii kwenye sanamu na minara. Wamegundua picha za mapori. Unaletewa picha ya mihogo, kichuguu na kijumba cha makuti, chini imeandikwa Kijitonyama. Inafuata njia ya vumbi na mbuzi wawili, eti Mikocheni. Halafu wote wanne wananigeukia, mama yao katikati: "Mlikuwa wapi?"

Tulikuwa Ilala! Tungekuwa wapi? Tulikuwa kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba moja na choo kimoja, wapangaji kila mmoja na siku yake ya kufagia. Na kweli, katika miaka ya 1970 serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, ikavuta maji, ili mtu wa kipato cha chini ajijengee. Rafiki yake baba akaja mpaka barazani, jasho linamtoka: "Kajaze fomu, ndugu yangu, ofa zinatoka." Baba akasimamisha cherehani. Namkumbuka alivyoitoa sindano mdomoni kwanza, maana hakutaka kujibu hilo jambo na sindano mdomoni. Akasema: "Kijitonyama? Nikishikwa na tumbo la usiku nimwite nani, fisi?"

Bibi naye akadakia kutoka uani kwamba yeye hahamishwi. Na msimcheke. Siku zile ndizo watu walikuwa wakipakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vya ujamaa, wengine wanaachwa chini ya mti na vyombo vyao. Ukimwambia mtu wa mjini habari ya pori na serikali katika sentensi moja, anafunga mlango. Isitoshe Ilala tulikuwa na kila kitu. Mama wa maandazi yuko mlangoni, msikiti unasikia adhana bila spika, na wikiendi muziki wa dansi unaupata bure ukiwa kitandani. Nani mwenye akili timamu angeacha hayo akalale na vyura?

Rafiki yake baba alijaza. Siku moja nilipeleka suruali ya mteja upande ule, nikakipita kiwanja chake. Ghorofa tatu, chini wanauza simu, katikati saluni, juu kuna watu wanakunywa juisi ya bei ya mtungi wa gesi. Nikasimama kidogo tu nahesabu madirisha, mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Ningemjibu nini? Namtafuta baba yangu achukue kalamu?

Binti amekwenda mbali zaidi, amenipigia hesabu. Kodi ya fremu tano kwa mwezi, mara mwaka, mara miaka yote hiyo. Akanionyesha jibu kwenye kikokotoo, namba haikuenea kwenye kioo. Mama watoto akashusha pumzi, nikajua ameshaingia Kijitonyama kwa mawazo, ameketi barazani anapokea kodi, na mimi simo kwenye picha.

Nikaona nibadilishe mada, nikawaonyesha sinema ya magari ya Msasani, pale watu walipokuwa wakitazama picha wamekaa ndani ya gari. Nikawaeleza sisi tusio na magari tulivyotazama kutoka nje, picha unaiona sauti huisikii, na kulikuwa na kaka mmoja anatutungia maneno ya waigizaji wote wa Kihindi, wa kike na wa kiume. Hadithi nzuri kabisa. Mara: "Na hapo je, ni wapi sasa?" Nikasema ubalozi wa Marekani. "Kwa hiyo na hapo palikuwa wazi." Mwanangu, hata mimi siwezi kulaumiwa kwa kushindwa kumuwahi Mmarekani!

Juzi nikaona na mimi nijitetee kwa vitendo. Kuna kiwanja Chanika, ndugu yangu anakiuza, ishirini kwa ishirini, bei ya kindugu. Nikamwita kijana wangu mkubwa, yule anayelalamika kuliko wote kuhusu Sinza. Nikampa habari taratibu, kwa heshima. Akakunja uso. "Chanika? Baba, kule si porini? Na mtandao unashika?" Sikumjibu kitu. Nikainua simu nikampiga picha akiwa na uso ule ule, nikaihifadhi mahali pawili. Nina wajukuu wanakuja.

Ila ugomvi wangu mkubwa na hawa warusha picha ni kwamba wanachagua. Mbona sioni foleni? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nusu ya ujana wangu niliuacha kwenye foleni ya duka la ushirika. Sukari foleni, sabuni foleni, kuna siku nilipanga saa nzima ndipo nikauliza tunapanga nini, aliye mbele naye hajui. Hukukaa mwenyewe siku nzima, uliweka jiwe lako likushikie nafasi, ukaenda kuhangaika. Langu lilikuwa kipande cha tofali la kuchoma nililolichora alama kwa mkaa, na lilikuwa na adabu, halijawahi kurukwa. Sabuni ikikosekana tunafulia majani ya mpapai. Unga ukaja wa mahindi ya njano, watu wakauita wa Yanga, mimi Simba wa kuzaliwa nikaumeza ugali ule nimefumba macho. Kisha 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwa wameficha bidhaa wakawa wanazitupa usiku, na jirani yetu, mtu mzima na ndevu zake, akatumbukiza miche mizima ya sabuni chooni. Mvua zilipokuja, uani palitoka povu. Nyumba nzima tulikuwa hatujaona povu muda mrefu, tulisimama tunaliangalia kwa uchungu.

Picha ya hayo iko wapi? Nikiwasimulia wanangu wananiambia, "Baba, unatunga." Wanataka ushahidi, na ushahidi kwao ni picha.

Kwa hiyo naomba, kwa yeyote mwenye albamu ya wazee. Acheni kunitumia Askari, Askari nimemwona. Tafuteni foleni ya sabuni, Ilala, kama 1982, upande wenye mwarobaini. Mimi ni yule kijana mwembamba, shati la mistari kola imegeuzwa, nyuma ya mama mnene mwenye kikapu cha ukindu. Kama mama amenikinga sura, tazameni chini kwenye mstari wa mawe. Tofali lenye alama ya mkaa ndilo langu. Nitumieni kabla ya Jumapili, maana huyu binti sasa ameanza kuulizia Mbezi.