Fremu ya barabarani siyo ya jimu

Dar ukimwambia mtu unafungua biashara, cha kwanza anakuuliza "fremu umepata wapi, iko barabarani?" Na kwa duka la nguo au wakala wa pesa za simu sawa, lina maana. Ila kwa jimu, au ukumbi wa badminton, au kale kakiwanja ka nyasi bandia ka watano watano, mi naona hilo swali ndo linalowaponza watu, na nasema hivi kwa sababu na mimi limeniponza.

Tulikuwa wawili, mi na mshkaji wangu, tukapata sehemu Sinza, ghorofa ya kwanza, vioo mbele, barabara inapita hapo chini, dalali anatwambia hapa hata tangazo hamhitaji. Tukalipa kodi ya miezi sita, dalali akachukua mwezi wake, tukapandisha vyuma. Wiki ya pili dada wa saluni ya chini huyo anapanda ngazi ana vumbi la plasta kichwani, kumbe kuna jamaa huku juu alikuwa ananyanyua chuma akimaliza anakiachia tu puu! Tukaweka mipira sakafuni, tukadhani yameisha. Baadae injinia mmoja aliyekuwa anakuja mazoezi ndo akanifungua macho: kwa viwango vya Kiingereza, sakafu ya nyumba ya kuishi inapigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba, ofisi 250, jimu 500. Na lile jengo lilijengwa liwe la kupangisha familia. Yaani tulikuwa tunapona kwa dua tu. Tukahama kabla miezi sita haijaisha, hela ya kodi haikurudi.

Sa nachotaka kusema ni hivi, mtu wa mazoezi hapiti njia akaona dambeli dirishani akaingia kama anavyoingia kununua soda. Anakuja kwa makusudi, kaambiwa na mwenzake, kabeba begi lake, hata ukiwa uchochoroni nyuma ya gereji atakuja ilimradi bodaboda inafika na kuna pa kuweka gari. Kwa hiyo ile hela ya ziada ya kuwa barabarani unamlipia mwenye nyumba kitu ambacho hukitumii. Bora uchukue godauni, sakafu iko chini kwenye udongo, dari juu, nguzo hamna katikati.

Dari watu hawaliangalii kabisa aisee. Rimu ya basketi iko mita 3.05 kutoka chini, na fremu nyingi dari ni mita 3, sa hapo hata rimu yenyewe haiingii. Kiwanja cha badminton ni mita 13.4 kwa 6.1, bado hujaweka nafasi ya mtu kukimbia pembeni, na majengo yetu ya maghorofa yana nguzo kila mita nne tano, utaichomeka wapi? Padeli nayo, ule mchezo wa raketi kwenye kiwanja cha kuta za vioo, inataka mita 20 kwa 10. Nenda na futi kamba, usikubali "hapa panatosha bosi", panatosha kwa nani?

Godauni nalo lina ubaya wake, bati. Januari saa tisa mchana mle ndani unaoka. Ila wateja wako siyo wa saa tisa, ni wa kumi na moja alfajiri na wa jioni wakitoka kazini, ndo maana nakasirika dalali akinipeleka kukagua saa tano asubuhi barabara nyeupe. Nipeleke saa kumi na mbili jioni nione foleni, nione dada anayetoka mazoezini saa mbili usiku anapita wapi, kuna taa au kuna giza na wavuta bangi. Maji pia, fungua bomba mwenyewe. Na uliza umeme kama ni fezi tatu, ule mkubwa wa kuendesha mashine, maana kuvuta baadae ni gharama yako.

Mkataba wa mwaka mmoja mi sisaini tena. Umebandika nyasi, umejenga mabafu, jimu imeanza kujaa, mwenye nyumba anaona magari yamepanga anapandisha kodi, utabandua nyasi uende nazo wapi? Angalau miaka mitatu, na miezi miwili ya matengenezo bila kodi. Halafu lile suala la asilimia 10 ya TRA ambayo wewe mpangaji unatakiwa uikate kwenye kodi uipeleke, liongeleeni siku ya kwanza, wengi wanataka zao kamili mkononi na hiyo kumi inakuwa juu yako.

Kwa sasa nimebakiza godauni moja la kukagua, Tabata. Dari safi, bei inaongeleka, ila liko bondeni kidogo na majirani kila nikiuliza habari ya maji wanacheka. Nasubiri inyeshe ya maana, nikope magambuti niende kusimama mle ndani.