Jeraha la kazi lisipimwe kwa saa ya malipo

Kazi ya kiwandani ikianza saa mbili asubuhi, wafanyakazi hawafiki saa mbili. Saa moja na nusu wameshapanga foleni getini wakaguliwe. Kuna ovaroli na buti za kuvaa, kuna mashine ya kufutwa na kutiwa mafuta, na msimamizi anataka akifika akute kila kitu tayari. Nusu saa hiyo hailipwi. Jioni nako kengele ikishalia, hakuna wa kutoka kabla hajafagia sehemu yake na kurudisha vifaa stoo. Aliyewahi kufanya kibarua, awe wa Mombasa, Thika au Athi River, anaijua vizuri hali hii.

Sasa mtu ateleze kwenye sakafu yenye mafuta katika nusu saa hiyo, avunjike mkono. Mara nyingi jibu analopewa ni moja: ulikuwa hujaanza kazi. Kadi ya kuingilia kazini inaonyesha saa mbili, wewe umeanguka saa mbili kasorobo, basi hilo ni lako na Mungu wako. Anapelekwa hospitali na wenzake, kwa mchango wa wenzake.

Hili linaniudhi, na linaniudhi zaidi kwa sababu sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Wakenya wengi tunaiita WIBA, haikuifanya saa ya malipo kuwa kipimo. Kifungu cha 10 kinaangalia jambo lingine kabisa: je, mtu huyo alikuwa akifanya jambo kwa ajili ya shughuli za mwajiri wake? Kwa ajali iliyoleta ulemavu mkubwa au kifo, sheria inakwenda mbali zaidi. Itahesabiwa kuwa ya kazini hata kama mfanyakazi alikuwa akifanya jambo hilo bila kuagizwa, au hata kinyume na maagizo ya mwajiri. Ikiwa sheria inamkinga aliyekiuka amri, itakuwaje imtupe yule aliyewahi kufika kwa sababu ndivyo alivyotakiwa?

Shirika la Kazi Duniani liliona jambo hili tangu 1964. Katika Pendekezo lake la 121 la mwaka huo, lilizitaka nchi zihesabu kuwa za kazini ajali zinazotokea ndani ya muda wa kadiri kabla na baada ya saa za kazi, mtu akiwa anabeba, anasafisha, anaandaa au anahifadhi vifaa vyake au nguo zake za kazi. Ukilisoma utadhani aliyeliandika alikuwa amesimama pale getini saa moja na nusu. Pendekezo hilo linaitaja pia njia ya moja kwa moja kati ya kazini na nyumbani, au mahali mtu anapokula kwa kawaida, au anapopokelea mshahara wake.

Na njia ndipo penye ugomvi mkubwa. WIBA inamlinda mfanyakazi akiwa safarini kwenda au kutoka kazini ikiwa amepanda gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili ya kusafirisha wafanyakazi. Akipanda matatu, hali ni nyingine. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi meza moja, wakitoka saa moja, wakiumia barabara moja jioni moja, mmoja ana fidia na mwingine hana, na tofauti yao ni nani mwenye basi. Mlinzi anayetoka lindo alfajiri kwa miguu, akiwa bado na sare inayomtambulisha kwa kila mwenye nia mbaya, huyo naye yumo kwenye kundi la wasiobebwa. Saa ile ya kutembea hakuichagua yeye. Ratiba ya lindo aliipanga mwajiri.

Waajiri wana hoja, na siipuuzi. Mwenye duka la watu watatu hawezi kuwajibika kwa breki za matatu asiyoimiliki. Lakini hoja hiyo inahusu nani atoe pesa, haigusi swali la kama jeraha linatokana na kazi au la. Kongo ya Kinshasa imekuwa ikiihesabu ajali ya njiani kuwa ajali ya kazi tangu sheria yake ya hifadhi ya jamii ya 1961, na mzigo unabebwa na mfuko wa taifa badala ya mfuko wa bosi mmoja mmoja. Majirani zetu wa Tanzania nao wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu Julai 2015, waajiri wote wakichangia kulingana na mishahara wanayolipa. Sisi tumebaki na utaratibu wa kila mwajiri kujikatia bima yake. Kampuni ya bima ikipokea dai, ina kila sababu ya kuuliza kadi ilipigwa saa ngapi. Ningependa wabunge waanzie hapo.

Halafu kuna dada wa kazi anayelala kwa mwajiri. Saa zake za malipo ni zipi? Anaamka kabla ya watoto, analala baada ya vyombo. Saa nne usiku mtoto analia, anakwenda kuchemsha maziwa, yanamwagikia mapajani. Mwenye nyumba atasema alikuwa ameshapumzika. Alikuwa amepumzika kwa ajili ya nani, ikiwa maziwa yale hakuyanywa yeye? WIBA haikuwabagua wafanyakazi wa nyumbani. Ni waajiriwa kama wengine, na sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima. Tunaowaajiri tujiulize ni wangapi kati yetu tumewahi hata kuuliza bei ya bima hiyo.

Kwa anayeuguza jeraha sasa hivi baada ya kuambiwa hakuwa kazini: toa taarifa hata hivyo, na upate shahidi aliyeona. Mwajiri akishajua umeumia ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai lenyewe lifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na miezi hiyo hupita upesi mtu akiwa kitandani akisubiri huruma ya msimamizi. Msimamizi hana mamlaka ya kuamua. Wa kuamua ni Mkurugenzi, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha Desemba 2019 ilipoihalalisha sheria hii. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kuupinga, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.