Hema la vipimo na mizani ya chai

Kila inapokaribia Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, mahema ya kupima VVU hupigwa kwenye viwanja vya kampuni, iwe kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Njombe, migodini au viwandani. Kuna muziki, kuna fulana, na kiongozi mgeni anapimwa wa kwanza mbele ya kamera. Jioni waliopima huhesabiwa. Waliopita kando wakielekea majumbani kwao hukatiwa hukumu kwa maneno matatu: elimu bado inahitajika.

Elimu gani? Kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, wakati ya Tanzania nzima ni asilimia 4.4. Mchuma chai wa huko amezika ndugu na amelea watoto wa marehemu. Anajua ARV, dawa za kufubaza VVU, hutolewa bure, tena pengine anajua ratiba ya kliniki ya jirani yake kuliko afisa utumishi anayemgawia kipeperushi.

Wanaotetea upimaji kazini wana hoja, tena nzito. Mwanamke hukutana na kipimo akienda kliniki ya wajawazito. Mwanamume mzima wa afya anaweza kumaliza miaka kumi bila kukanyaga zahanati, ila kazini yupo kila siku. Ndiyo sababu mwaka 2013 Shirika la Kazi Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, walijiwekea lengo la kuwafikia wafanyakazi milioni 5 kwa upimaji wa hiari, na ndiyo sababu kampeni ya upimaji ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2018 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, iliwalenga hasa wanaume. Anayesema juhudi hizi ni za bure hajatazama takwimu.

Tuzitazame basi, maana mimi zimeninyima usingizi. Utafiti huohuo unasema kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 wanajua hali zao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Zigeuze ziwe watu 100: 83 wanajua, 81 wako kwenye dawa, 76 wamefubaza virusi. Hatua ya kwanza tumepoteza watu 17. Hatua ya pili, 2 tu. Ya tatu, 5.

Hao 2 ndio wa kutazamwa. Kama watu wetu wangekuwa hawaamini dawa, au wanakimbilia kikombe cha dawa ya mitishamba cha babu wa Loliondo kama wanavyosimangwa, tungewapoteza wengi hapo. Hatuwapotezi. Akishajua, mtu anameza. Kwa hiyo mtu anayekwepa hema si lazima awe anaikwepa dawa. Takwimu haisemi kwa nini wale 17 wamebaki nje, na wengi wao huenda hawana hata mwajiri. Lakini kwa wale walio naye, kuna jambo ambalo kipeperushi hakiligusi.

Angalia hema lenyewe lilipowekwa. Foleni inaonekana kutoka kwenye mizani ya chai. Ambaye kipimo chake hakikuonyesha kitu hutoka mapema. Ambaye kimeonyesha anahitaji kipimo cha pili cha kuthibitisha, kisha mazungumzo marefu na mshauri nasaha. Mshauri hatasema neno nje, lakini foleni ina macho na inajua kuhesabu dakika. Nyapara naye yupo palepale, na ndiye anayepanga nani aitwe msimu ujao.

Utaniambia sheria ipo, na kweli ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu na kumtaka mwajiri awe na programu kazini. Lakini kibarua hafukuzwi. Haitwi tena, basi. Atathibitisha nini, mbele ya nani? Nairobi mwaka 2013 mahakama ilimpa mfanyakazi karibu shilingi milioni 7 za Kenya baada ya kupimwa VVU bila ridhaa yake na kubaguliwa kazini. Ushindi mkubwa, ila alikuwa na mikataba ya kuonyesha. Na wapo vijana wetu waliopimwa kwa ajili ya kazi za Uarabuni, ambako anayekutwa na VVU hapewi viza ya kazi. Familia nyingi zimejifunza hapo maana ya neno "kupimwa" likitamkwa jirani na neno "kazi".

Halafu yaje malipo. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, kwa hiyo siku ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU, ni siku ya kilo sifuri. Wanaoendelea vizuri sasa hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, na huo ni unafuu mkubwa; lakini anayeanza dawa huitwa kliniki mara kwa mara, na kila safari ina bei yake. Watumishi wa umma wana utaratibu wa kusaidiwa, ikiwemo lishe, ila kuupata lazima ujiweke wazi kwa mwajiri. Wapo wanaoona bora wajinunulie mayai.

Mimi nasema hema libaki, lakini lisiwe hema la VVU. Anayepima presha na sukari humohumo hutoka kwa kuchelewa bila kuulizwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya UKIMWI yaliyofanywa mwaka 2019 mtu mzima anaweza kujipima mwenyewe, basi vipimo vya Jipime vigawiwe vikapimiwe nyumbani, na hakuna dakika za kuhesabiwa. Menejimenti isipewe idadi ya waliokutwa na VVU kwa kila idara, kwa sababu kwenye idara ya watu sita "mmoja" ni jina la mtu.

Tangu Marekani isitishe ghafla misaada yake Januari 2025, miradi mingi iliyokuwa ikileta mahema hayo imeyumba, na waajiri wanatazamwa wazibe pengo. Nafikiri wengi wao watakubali kulipia muziki na fulana. Swali la kuwauliza kabla ya muziki kuwashwa ni kuhusu mchuma chai aliyekwenda kliniki Jumanne: kilo za siku hiyo zitaandikwa ngapi?