Uvivu wetu usilipwe na bando la mteja

Fungua tovuti ya nyumba moja ya wageni ya hapa Kigoma ukiwa Kibirizi, kwa simu, jioni. Jina linatokea, kisha weupe mtupu. Picha ya juu, ya machweo ziwani, inashuka kidogo kidogo kama pazia. Ina MB 5. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, hizo ni sekunde 40, na chini yake zipo tisa nyingine za vyumba, zenye uzito ule ule. MB 50 za mtu aliyetaka kujua bei ya chumba tu! Inaudhi, na wa kulaumiwa ni sisi watengeneza tovuti.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba picha ikionekana ndogo, basi ni nyepesi. Simu imepiga picha ya pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 4000 kwa 3000, fundi anaipandisha ilivyo, kisha kwenye CSS, maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, anaandika upana uwe 400. Kioo kinaonyesha kapicha, lakini simu ya mteja imeshapakua pikseli zote milioni 12. Picha hupunguzwa kabla ya kupandishwa. Fungua Squoosh, kifaa cha kubana picha, kwenye kivinjari, ni bure, weka upana 1200. Kimo kitakuja chenyewe, 900. Umebaki na sehemu ya kumi na moja tu ya pikseli za mwanzo. Chagua WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, ubora 75, kisha kuza utazame pale ukingo wa mtumbwi unapokutana na anga. Ukiona vidoavidoa, panda hadi 80. Nyingi zitashuka chini ya KB 200. Ya dagaa walioanikwa itagoma, maana vitu vidogo vingi namna ile havibaniki kirahisi; iache hata na KB 300. Na anza na picha halisi: iliyopitia WhatsApp mara nyingi imeshabanwa, ukiirudia inachakaa.

PNG, aina nyingine ya faili ya picha, ni ya nembo, si ya picha za kamera.

Kwenye HTML, msimbo wa ukurasa, andika width na height (upana na kimo) za kila picha, ili maandishi yasiruke mtu anapotaka kubonyeza namba ya simu. loading="lazy", inayoiambia simu isipakue picha mpaka msomaji aikaribie, ni ya picha za chini; ukiiweka kwenye ya kwanza, unaichelewesha ile ile inayosubiriwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mpiga picha anayeuza kazi zake anahitaji faili kubwa. Basi aiweke nyuma ya kitufe cha kupakua na aandike hapo hapo ina MB ngapi. Anayeihitaji atabonyeza mwenyewe.