Rubondo: mtalii na ndoana, mvuvi na nyavu

Kaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, alfajiri mizigo ikishushwa, utalisikia lalamiko lile lile kutoka kwa wanaovua upande wa Nkome na Chato: mtumbwi umeingia maji ya hifadhi ya Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria, usiku, askari wamewakuta, nyavu na injini vimekwenda.

Hoja ya mvuvi si nyepesi. Rubondo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, ikiwa na kilomita za mraba karibu 457, na karibu nusu ya hizo ni maji. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, watu walioishi kisiwani kwa uvuvi na migomba walihamishwa. Kati ya 1966 na 1969 wakashushwa sokwe 17 kutoka Ulaya, kwa juhudi za Mjerumani Bernhard Grzimek, mtetezi wa wanyamapori. Mwenyeji katoka, mgeni kaingia. Na leo mtalii mwenye kibali anavua sangara humo humo kwa ndoana. Mwambie mvuvi mwenye deni la petroli kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, uone atakavyokutazama.

Ila ni tofauti kweli. Ndoana hutoa samaki mmoja, na kwa kawaida hurudishwa ziwani akiwa hai. Kokoro, wavu haramu wa kukokota, hukwangua ufuko mzima, vifaranga na majani pamoja. Sato huzaliana kwenye maji ya kina kifupi kando kando. Dume huchimba kiota, jike huatamia mayai mdomoni. Penye matete na msitu, tope haliteremki kirahisi kuyafunika mazalia hayo. Kwingine tumelima hadi ukingoni, mvua moja tu maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Na samaki akishakua Rubondo hakai humo milele. Anatoka, ananaswa na nyavu halali.

Kwa hiyo niko upande wa kuyafunga mazalia. Kinachonikera ni kumwambia mvuvi hifadhi ni faida yake, huku mpaka wenyewe haonyeshwi. Maboya yenye taa yawekwe, BMU za vijiji, yaani vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi, zishirikishwe kuyatunza, ndipo anayevuka akose la kusema. Mwenye kokoro simwombei msamaha. Lakini aliyetega nyavu halali, upepo ukazisukuma usiku kucha hadi ndani ya mpaka, huyo arudishiwe nyavu zake kwa onyo. Ukimfilisi sawa na mwenzake, msimu ujao atakopa kununua kokoro.